Mukanda na Sauti

Hotuba kwa waandishi wa habari vijana na mashefu wa karte (viongozi wa mitaa), Lubumbashi

Jambo yenu, ba mama na ba papa. Jambo kwa mashefu wa karte mliofika kutoka sehemu za mji wetu, Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba, na jambo kwenu vijana wa redio mliokaa karibu na mlango. Nimewaona.

Mmeniomba niseme juu ya vyombo vya habari na namna tunavyotawaliwa. Hotuba za aina hii huanza kwa kusifu uhuru wa habari na kuishia kwa kulaumu WhatsApp. Mimi nitaanza na kipande cha mti.

Waluba wa upande wa Kabongo na Malemba Nkulu walikuwa na ubao uitwao lukasa. Ni ubao mdogo wa kushika kwa mkono wa kushoto, umebinywa kidogo katikati, na uso wake umepigiliwa shanga, makombe na vipande vya chuma. Aliyejua kuusoma alipitisha kidole cha mkono wa kuume juu ya zile shanga huku akiimba na kusimulia: mfalme huyu alitoka huku, ukoo ule ulivuka mto fulani, nchi hii walipewa watu hawa. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo huweza kuwa shefu na watu wake. Ubao uleule ukisomwa siku nyingine, mbele ya watu wengine, masimulizi yanaweza kubadilika, na hapo mabishano hayakosekani.

Nataka mtazame ni nani anayesoma. Waliousoma walikuwa watu wa chama cha Mbudye, tena wale wachache waliopanda hadi vyeo vya juu. Mfalme mwenyewe aliingizwa katika chama hicho, akafundishwa humo kanuni za kiti chake. Kutawala alitawala yeye, lakini kumbukumbu ya sababu za utawala wake, na mipaka yake, ilikaa mikononi mwa wengine. Akipotoka, yupo mtu mwenye kidole juu ya shanga wa kumwambia: baba, hapa hapasemi hivyo.

(Anayetaka kuona lukasa nzuri leo, ipo moja maarufu katika jumba la makumbusho la Brooklyn, Marekani. Nauli mtajitafutia.)

Neno langu la leo ni hilo. Mambo ambayo watu wamepatana lazima yawekwe mahali: kwenye ubao, kwenye karatasi, hewani, kwenye simu. Vyombo vingine vinatunza, vingine vinapitisha haraka na kusahau. Ukitaka kujua nani anatawala mahali fulani, usiulize nani anasema sana. Uliza yale waliyopatana yametunzwa wapi, na nani anaweza kuyasoma.

Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini, na mji ukazaliwa nayo. Tunazoea kusema reli ilileta mashine ikaondoa shaba. Ilileta pia mukanda, yaani karatasi yenye maandishi. Bulamatari, yaani serikali ya kikoloni, alikuwa mbali, Bruxelles, na nchi kubwa kama hii haitawaliki kutoka mbali bila maandishi: orodha, barua, ripoti, telegramu. Mwanaume akiingia kazi Union Minière, kampuni ya shaba, jina lake liliandikwa kitabuni, na kukaa site, mitaa ya Waafrika, bila karatasi ya ruhusa kulikuwa kosa. Wengi katika babu zetu hawakuweza kusoma karatasi walizozibeba mfukoni, na karatasi hizohizo ndizo zilizoamua walale wapi na wasafiri lini. Msomaji wa lukasa alikuwa mtu wa jamii. Msomaji wa karatasi hii alikuwa karani wa biro, yaani wa ofisi.

Kiswahili nacho kilisukumwa kiwe lugha ya kazi. Kifaransa kiliandika na kuamua, Kiswahili kilipeleka amri chini. Mwaka 1957 kampuni ikaanzisha gazeti lake, Mwana Shaba, la kuwasemesha wafanyakazi, na kusemeshwa kweli walisemeshwa.

Lakini angalieni kilichotokea mwaka 1965. Chama cha waboyi, wale waliopika na kufua katika nyumba za wazungu, kilitoa kijitabu cha historia ya mji huu, kimepigwa kwa mashine ya kuandikia, mwandishi wake André Yav. Kimeandikwa kwa Kiswahili chetu cha hapa, kile ambacho walimu walitukataza. Maneno yameunganishwa pasipostahili na kukatwa pasipostahili, na ukikisoma kwa macho tu utapotea. Mtaalamu aliyekichapisha tena mwaka 1990 ilibidi apate mtu wa hapa wa kukisoma kwa sauti, ndipo kikaeleweka. Mimi nakiona kuwa tendo la siasa kubwa kuliko mikutano mingi ya hadhara ya miaka ile. Watu ambao maisha yao yote yaliandikwa na wengine walishika mashine wakaandika wenyewe nani aliujenga mji na nani alichapwa.

Sasa 1960, na hapa nitakaa kidogo.

Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo letu la Katanga, alitangaza kwa redio, katika mji huu, kwamba Katanga imejitenga. Kongo ilikuwa na siku 11 za uhuru. Hakuna serikali ya nje iliyokuja kuitambua Katanga rasmi, hata moja. Dola hilo lilianzia hewani.

Tarehe 5 Septemba, jioni, Rais Kasa-Vubu aliingia redio ya Léopoldville (leo Kinshasa) akatangaza kwamba amemwondoa waziri mkuu Lumumba. Usiku uleule Lumumba akaenda kwenye kituo kilekile akasema Kasa-Vubu ndiye aliyeondoka. Mfikirieni mtu wa Kindu aliyekaa na redio yake: katika saa chache nchi imepoteza rais, imepoteza waziri mkuu, na habari zote mbili zimetoka katika kisanduku kimoja. Kesho yake watu wa Umoja wa Mataifa wakakifunga kituo. Ukitazama juujuu ni haki, kila mmoja kanyimwa sawa na mwenzake. Lakini Kasa-Vubu alikuwa na rafiki ng'ambo ya mto, na Redio Brazzaville ikamfungulia mlango. Huku kwetu redio ya Tshombe iliendelea kumshambulia Lumumba bila kuguswa na mtu. Aliyebaki bila mikrofoni ni mmoja, yule ambaye nguvu zake zote zilikuwa katika kusema na watu.

Tarehe 7 Septemba wabunge walikaa wakapiga kura kubatilisha maamuzi yote mawili: Kasa-Vubu hajamwondoa Lumumba, Lumumba hajamwondoa Kasa-Vubu. Kisheria ni jambo zito sana. Liliandikwa vizuri, na redio imefungwa. Tarehe 14 kanali Mobutu akapita redioni kusema amewasimamisha wote wawili, na hilo ndilo lililosikika.

Mtaniambia: wewe umesema mwenye kumbukumbu ndiye anatawala, mbona hapa kura ya karatasi ilishindwa na sauti? Ni kweli. Usiku wa vurugu sauti inashinda mukanda. Ndiyo maana kila anayetaka kupindua serikali huanza na redio, na hapo anayeshika studio kwa siku tatu huweza kushika nchi kwa miaka. Lakini mkiangalia vizuri, asubuhi ikishatulia, mshindi hukimbilia karatasi: dikri (amri ya serikali), katiba mpya, jina jipya la mji. Elisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966, nchi ikawa Zaïre mwaka 1971. Sauti inashika kiti, na maandishi ndiyo yanayokaa juu yake.

Na kuna kunyamaza. Lumumba na wenzake Mpolo na Okito waliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961, si mbali na hapa tulipo. Taarifa ya kifo ilitolewa tarehe 13 Februari, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Tshombe, alipokaa mbele ya waandishi wa habari na hadithi kwamba wafungwa walitoroka na wanakijiji wakawaua. Karibu wiki nne mji ulikaa na maiti isiyotajwa. Utawala wa siku zile uliweza kufanya hivyo kwa sababu milango ya habari ilikuwa michache, na yote ilikuwa na askari.

Mobutu alilielewa somo hilo kuliko wengine wote. Mtu wa umri wangu haulizwi kama anakumbuka: taarifa ya habari ya televisheni ilifunguliwa kwa uso wake ukishuka kutoka mawinguni. Redio iliimba, magazeti yaliimba. Basi watu wa mji huu wakahamishia kumbukumbu yao mahali pengine kabisa: ukutani, sebuleni.

Vijana hamkuziona picha hizi, kwa hiyo nitaeleza. Miaka ya 1970 wachoraji wetu walipita mitaani wakiuza picha za rangi zilizochorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga. Kulikuwa na mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye nyoka. Kulikuwa na hii iliyoitwa Colonie belge: mfungwa amelazwa kifudifudi, askari mweusi ameinua fimbo, mzungu amesimama pembeni anatazama, bendera ya Ubelgiji inapepea juu ya jengo. Tshibumba Kanda Matulu wa hapahapa alichora historia nzima ya nchi kwa picha karibu 100, mwaka 1973 na 1974. Watu waliziita ukumbusho. Mgeni akiingia, anakaribishwa kiti, macho yanapanda ukutani. Anasema, "Hii ni ya wakati wa Mbelgiji." Mwenye nyumba anaitikia, "Ndiyo, ya wakati wa Mbelgiji." Kisha wananyamaza kidogo, kila mmoja akimfikiria askari aliyekutana naye asubuhi. Ilikuwa vigumu hata kwa watu wa usalama kumkamata mtu kwa kosa la kutundika Mbelgiji. Ukuta ulitunza kile ambacho gazeti lilikatazwa, na msomaji wake alikuwa fundi cherehani, mwalimu, mama wa sokoni.

Kwa habari za kila siku kulikuwa na radio trottoir, ile redio ya barabarani isiyo na mnara. Naipenda na siiamini. Nitawaambia kwa nini.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Wiki tatu hazijaisha, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi walishambuliwa katika kampasi ya chuo kikuu chetu. Asubuhi redio ya barabarani ilikuwa imeshafika Kamalondo na Kenya. Serikali ilikubali kifo kimoja. Magazeti ya Ubelgiji yakaitoa habari nje, uhusiano na Ubelgiji ukaharibika, misaada ikakatika, na wengine husema utawala wa Mobutu ulianza kufa usiku ule. Sawa. Lakini waliokufa walikuwa wangapi? Hadi leo tunabishana. Mji mzima ulijua, na hakuna aliyeweka orodha ambayo wote wanaikubali. Habari iliyopita mdomoni ilitikisa serikali, kisha ikashindwa kuwapa wazazi majina. Hapo ndipo ninapoachana na wanaosema eti sauti ya umma inatosha.

Miaka ya vita nitaipita upesi. Simu za serikali zilikuwa zimekufa, tukaongea kwa phonie, ile redio ya kupokezana maneno, umesimama kwenye foleni ya kibanda na siri za ndoa yako zinasikika hadi Mbuji-Mayi. Upande wa Rwanda RTLM, redio ya chuki, ilikuwa imeshaonyesha mwaka 1994 redio inaweza kufanya nini ikiwekwa mikononi mwa wauaji, na mwaka 2003 mahakama ya Arusha ikawahukumu wakubwa wake. Bukavu, Redio Maendeleo ilianza mwaka 1993 kama redio ya jamii, na waasi wa RCD wakaifunga mwaka 1999. Redio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa, ilianza Februari 2002, wakati nchi imegawanyika vipande, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mtu wa Goma na mtu wa Lubumbashi wakasikia habari moja saa moja, kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa. Mimi naamini taarifa ile ya habari iliishona nchi kabla serikali ya umoja haijaapishwa. Ililipiwa kwa damu. Waandishi wake wawili waliuawa Bukavu: Serge Maheshe Juni 2007, Didace Namujimbo Novemba 2008. Na leo, tangu Januari 2025 kwa Goma na Februari 2025 kwa Bukavu, wenzetu wa kule wanafanya kazi hiyo chini ya waasi wa M23. Nawaomba mnapowapigia simu mfikirie kwanza swali lenu linaweza kumweka mtu wapi.

Tufike kwenye simu yenyewe.

Tarehe 30 Desemba 2018 tulipiga kura. Sheria inataka matokeo ya kila kituo yabandikwe pale kituoni: ile karatasi tunayoiita PV, yenye hesabu na sahihi za mashahidi. Kanisa Katoliki lilikuwa na watazamaji kama 40,000 nchini. Hebu ona ufundi wake: karatasi mlangoni, kijana mwenye simu, foto, ujumbe. Kitu kinachotunza kimekutana na kitu kinachokimbia. Kwa kizazi chetu, hakuna kilichokaribia kidole cha Mbudye kuliko hicho, raia asiye na cheo anayeweza kumwambia mwenye cheo: hapa hapasemi hivyo. Kesho yake, tarehe 31, intaneti ikakatwa nchi nzima, ikakaa imekatwa karibu wiki tatu, na ikarudi siku zilezile Mahakama ya Katiba ilipothibitisha matokeo. Waliokata hawakung'oa PV milangoni. Hawakuhitaji. Walitenganisha karatasi na miguu yake.

Kwa hiyo sipendi mazungumzo ya kuilaumu WhatsApp peke yake. Nina malalamiko yangu: audio ya dakika saba inayosema mambo ya kutisha, haina jina, haina tarehe, imepitishwa mara nyingi hadi aliyeisema hajulikani tena. Zamani karte nzima ilisikia taarifa moja ikabishana juu yake. Sasa watu wanne wa nyumba moja wanabeba nchi nne mfukoni. Lakini shida yangu kubwa na simu ni kwamba haitunzi. Uliza leo ahadi aliyoitoa mheshimiwa kwa audio wakati wa kampeni. Simu ilijaa, mtu akafuta.

Na wakati sisi tunafuta, wenzetu wa serikali na wa kampuni wanatunza. Kodi ya Madini, yaani sheria ya madini (Code minier), iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 kwa komine, sekta au shefari ambapo mgodi upo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, na kutia sahihi na jamii hizo mkataba wa ahadi, cahier des charges: kisima hapa, kelasi pale, barabara mwaka fulani. Dikri ya Mei 2011 inataka mikataba ya mali asili itangazwe. Siri haipo, ukisoma sheria. Mukanda upo kwa Kifaransa, una kurasa nyingi, uko kwenye intaneti au kwenye sanduku la biro. Watu wanaohusika wanasikiliza redio kwa Kiswahili, na kile wanachojua kuhusu kisima chao ni kile alichosema mtu mmoja mkutanoni siku moja.

Tena katiba yetu ya 2006 ililiona hili. Kifungu cha 24 kinampa kila mtu haki ya habari. Kifungu cha 142, ambacho wachache wanakitaja, kinaiagiza serikali iitangaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku 60 tangu kutiwa sahihi. Ni nani katika chumba hiki ameshashika mkononi Kodi ya Madini kwa Kiswahili, kutoka kwa serikali, ndani ya siku hizo 60? Inueni mikono. Basi.

Hiyo kazi ninawapa ninyi, vijana wa mlangoni. Sitawaambia muwe jasiri, ujasiri mnao na mishahara hamna. Nawaomba muwe wasomaji wa hadhara. Chukueni mkataba wa ahadi wa sehemu yenu, mtafsiri kwa Kiswahili kinachosemwa Katuba, msome hewani kwa saa ileile kila juma. Na ninyi mashefu wa karte, mlio na daftari na muhuri, mfanye kinyume chake: kinachosemwa mkutanoni kiandikwe siku ileile, na waliokuwepo waweke majina.

Shefu mmoja amenipa kikaratasi wakati nasema. Ameandika: "Watu watachoka kusikiliza vifungu." Watachoka, papa, hata mimi nachoka. Kwa hiyo msisome vyote. Someni kimoja, tuseme cha maji, mtaje tarehe iliyoandikwa, kisha mpigie simu mama wa kijiji hicho mumwulize akiwa hewani kama kisima kipo. Akisema hakipo, mpigieni kampuni na biro ya sekta, na jibu lao msome jinsi lilivyo. Mwezi ujao mrudi kwenye kifungu kilekile, na mama yuleyule kama atakubali. Nakala ya Kiswahili ibaki kwa shefu, nyingine kwa katekista, na ya tatu sokoni, pale watu wanapokaa.